Maji Kwenye Pedi za Mpira za Jeki: Yatoe Kabla ya Kuleta Kutu na Mbu

SOMO LA UTUNZAJI WA MAGARI NA MITAMBO

Kliniki tamba inapofika kijijini, kazi ya kwanza ni ya dereva. Kabla muuguzi hajateremsha sanduku lake, dereva hushusha jeki za kusawazisha. Miguu minne hugusa ardhi, gari hutulia, na kitanda cha mgonjwa hakiyumbi tena. Chini ya kila mguu kuna pedi nene ya mpira. Pedi hiyo haitazamwi na mtu. Jioni huinuka pamoja na mguu wake ikiwa na tope, na husahaulika hadi kituo kinachofuata.

Mvua ikinyesha, pedi hiyo hugeuka bakuli. Maji huingia juu na hayana pa kutokea. Ukichungulia ndani baada ya wiki moja au mbili, unaweza kukuta mambo mawili: chuma kimeanza kushika kutu, na viluwiluwi wa mbu wanaogelea. Gari lililotumwa kwenda kupima wenye homa linaweza kuwa limebeba mbu wa homa miguuni mwake.

Somo hili linaeleza namna ya kuzuia jambo hilo. Si kazi ya gharama kubwa. Inahitaji kikombe cha maji, drili na dakika chache kila wiki.

Somo linawalenga nani?

Linawalenga madereva na mafundi wa magari yenye miguu ya jeki: kliniki tamba, lori za kreni, magari ya kukarabati taa za barabarani, magari ya zimamoto yenye ngazi ndefu na mitambo ya kuchimba visima. Linawahusu pia wananchi wenye trela za kuuzia chakula na magari ya kambi yanayosimamishwa kwa jeki. Wahamasishaji wa afya ya jamii watapata humu mfano wa kuwaonyesha watu kwamba mbu hahitaji dimbwi kubwa.

Baada ya kusoma, utaweza:

1. Kueleza jinsi maji yanavyoingia kwenye pedi na kwa nini hayatoki.
2. Kueleza madhara yake kwa mtambo na kwa afya.
3. Kutafuta mahali maji yanapolala kwenye pedi yako.
4. Kutoboa matundu ya kutolea maji kwa usalama.
5. Kufuata ratiba ya ukaguzi.

SEHEMU YA 1: Pedi ni nini, na maji huingiaje?

Mwisho wa mguu wa jeki huwa na sahani ya chuma. Sahani hiyo ndiyo inayokanyaga ardhi na kugawanya uzito wa gari ili mguu usizame. Pedi ya mpira huvalishwa chini ya sahani, kama kiatu kinavyovaa mguu. Faida zake ni nyingi: huzuia mguu kuteleza kwenye lami au saruji, hupunguza kelele na mtikisiko, na huiepusha lami kuchimbwa na chuma.

Ili pedi isidondoke njiani, wenye kuitengeneza huipa ukingo unaopanda na kuibana sahani pande zote. Ukingo huo ndio unaoishika pedi, na ndio huo huo unaoshika maji. Kati ya ukingo na chuma huwa na mwanya mdogo. Maji ya mvua, maji yanayorushwa na magurudumu na maji ya kuoshea gari hupenya kwenye mwanya huo. Yakishafika chini hukaa, kwa sababu sahani ya chuma huyafunika na jua haliyafikii. Maji yaliyo juu ya lami hukauka kwa saa chache. Yaliyo chini ya sahani huweza kukaa siku nyingi.

Tatizo hili linajulikana pia nchi za mbali. Huko Marekani na Kanada kuna magari makubwa ya kuishi safarini, yenye vitanda na jiko ndani, ambayo husimamishwa kwa jeki za namna hii. Majira ya baridi yakifika, maji yaliyo kwenye pedi huganda. Barafu huhitaji nafasi kubwa kuliko maji kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo huusukuma mpira na kuupanua. Sisi wa Pwani hatuna shida ya barafu. Shida zetu ni chumvi na mbu.

Usidhani maji hayo ni matone tu. Chukua pedi ya mviringo yenye upana wa sentimita 30 na ukingo wa sentimita 2. Ikiwa tupu na ikijaa hadi ukingoni, inabeba karibu lita 1.4. Sahani ikishaingia nafasi hupungua, lakini hata robo lita inayobaki katika kila mguu inatosha kufanya madhara tutakayoyaeleza.

SEHEMU YA 2: Madhara kwa mtambo

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji pamoja na hewa. Chumvi huharakisha kazi hiyo, na upepo wa bahari hubeba chumvi hadi kwenye magari yetu hata yasipofika ufuoni. Ndani ya pedi vitu hivi vyote vitatu hukutana: maji hayakauki, hewa huingia kwenye mwanya, na chumvi huongezeka kila maji yanapopungua na mengine kuingia.

Kutu huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Kwa hiyo chuma kinapoliwa, maganda ya kutu huvimba na kuisukuma pedi kutoka mahali pake. Kama pedi imefungwa kwa bolti, bolti huliwa kichwani au shingoni, mahali ambapo jicho halifiki. Siku moja pedi hudondoka barabarani, na dereva huigundua anaposhusha mguu mtupu kwenye lami.

Tope nalo lina hatari yake. Maji huingia na udongo, udongo hutulia chini, na ukikauka huwa kama tofali. Sahani haikai tena sawasawa juu ya mpira, upande mmoja huinuka, na uzito wa gari hubebwa na sehemu ndogo. Mpira huchanika kabla ya wakati wake.

Sasa mfikirie fundi wa umeme aliye juu ya kikapu, mita kadhaa kutoka ardhini, akibadilisha taa ya barabarani. Uhai wake umeegemea miguu minne iliyo chini yake. Mguu mmoja ukiteleza au ukikaa upande kwa sentimita chache tu, kikapu kilicho juu husogea mara nyingi zaidi ya hapo, kwa sababu ya urefu wa mkono wa mtambo. Huyo fundi hawezi kukagua pedi akiwa juu. Lazima awe amekaguliwa na aliye chini, kabla hajapanda.

SEHEMU YA 3: Madhara kwa afya

Mbu anayependa vyombo vidogo vya maji karibu na watu ni Aedes aegypti. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Tofauti na mbu wa malaria tuliyemzoea, ambaye huuma usiku, huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijatua. Ndiye anayeeneza homa ya dengue, ambayo Waswahili wengi huiita kidingapopo, na pia homa ya chikungunya.

Magonjwa haya si hadithi za ng'ambo. Mombasa ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2013 hadi 2014. Mwaka 2016 chikungunya iliwaumiza watu wengi Mandera, na mwishoni mwa 2017 hadi mwanzo wa 2018 ikaingia Mombasa. Hata jina chikungunya limetoka kwa majirani zetu: ni la Kimakonde, na linahusu kujikunja, kwa sababu maumivu ya viungo humfanya mgonjwa ajikunje. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952.

Yapo mambo matatu ambayo kila dereva anapaswa kuyajua kuhusu mbu huyu.

Kwanza, hahitaji maji mengi. Kifuniko cha chupa chaweza kumtosha. Pedi ya jeki kwake ni ziwa.

Pili, hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, wala si lazima yawe ndani ya maji. Mayai hayo huganda ukutani na huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Mvua ikirudi na maji yakayafikia, huanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi: ukuta wa ndani wa pedi lazima usuguliwe.

Tatu, katika joto kama letu, yai huweza kuwa mbu anayeruka baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Ukikagua mara moja kwa wiki unamkatiza kabla hajaota mabawa. Ukikagua mara moja kwa mwezi, umeshachelewa.

Kuna jambo la nne linalohusu magari hasa. Mbu huyu kwa kawaida haruki mbali. Huzunguka eneo la mita mia chache tangu alipozaliwa. Akifika mbali, mara nyingi amebebwa. Mwaka 1985 mbu wa jamii hiyo, Aedes albopictus, alikutwa amejaa Houston nchini Marekani, na ilibainika kwamba alisafiri ndani ya tairi kuukuu zilizoingizwa kutoka Asia. Mpira uliobeba maji ulimvusha bahari. Pedi ya jeki yenye mayai ukutani inaweza kufanya safari fupi zaidi, kutoka mjini hadi kijiji ambacho hakikuwa na mbu huyo.

Aidha, mwanzoni mwa 2023 watafiti wa KEMRI walitangaza kwamba mbu aitwaye Anopheles stephensi amepatikana Marsabit. Huyu hueneza malaria, na tofauti na mbu wengine wa malaria, huzaliana vizuri katika matangi na vyombo vya maji vya mijini. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoacha chombo chochote kikishika maji.

Ukipata homa ya ghafla pamoja na maumivu makali ya viungo, kichwa au nyuma ya macho, nenda kituo cha afya upimwe. Kabla ya kujulikana kama ni dengue, usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa zaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Paracetamol kwa kipimo chake ndiyo inayoshauriwa kushusha homa.

SEHEMU YA 4: Tafuta mahali maji yanapolala

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Huitoa pedi, huiweka mezani, huona katikati ndipo palipo chini zaidi, kisha hutoboa katikati. Pedi ikirudishwa, tundu hufunikwa na sahani ya chuma na maji hubaki pale pale.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: tundu liwe mahali palipo chini kabisa wakati mguu umepandishwa, kwa sababu mguu hukaa umepandishwa kwa muda mrefu kuliko unavyokaa umeshushwa. Mahali hapo hutegemea aina ya jeki.

Jeki inayopanda na kushuka wima. Pedi hubaki imelala kama sahani ya chakula. Maji hujikusanya kwenye kona inayozunguka, pale sakafu ya pedi inapokutana na ukingo. Tundu liwe kwenye kona hiyo, nje ya eneo linalofunikwa na chuma.

Jeki inayokunjwa na kulala chini ya gari. Ikikunjwa, pedi husimama kwa ubavu. Upande mmoja wa ukingo huwa chini na kuwa kama kijiko. Tundu liwe kwenye ukingo wenyewe, upande ule unaotazama ardhi mguu ukiwa umekunjwa. Tundu la sakafuni halitasaidia kitu hapa.

Fanya jaribio hili kabla ya kushika drili:

1. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini na uchomoe ufunguo.
2. Hakikisha miguu imepandishwa kabisa, kama inavyokuwa gari likiwa safarini.
3. Pima nusu lita ya maji. Yatie rangi kidogo kwa majani ya chai ili yaonekane.
4. Yamimine polepole kwenye mwanya kati ya ukingo na chuma. Weka beseni chini.
5. Subiri dakika 10. Pima maji yaliyotoka kwenye beseni.
6. Tazama kwa tochi maji yaliyobaki yamelala wapi. Weka alama ya chaki nje ya pedi, mkabala na mahali hapo.

Maji yakitoka yote na kubaki unyevu tu, pedi yako tayari ina njia. Kazi yako ni kuisafisha tu. Baadhi ya pedi hutengenezwa zikiwa na matundu tangu kiwandani, ila huwa yamezibwa na tope. Zibua kwanza kwa kijiti, kisha rudia jaribio.

SEHEMU YA 5: Kutoboa matundu

Kabla ya kutoboa, soma kitabu cha maelekezo cha mtambo. Kwa gari la serikali, pata idhini ya afisa anayesimamia magari, na kazi ifanywe na fundi. Kama mtambo bado uko chini ya dhamana, muulize aliyeuuza iwapo kutoboa kunaruhusiwa au kama kuna pedi zenye matundu tayari.

Utahitaji: drili au keekee ya mkono, ncha ya milimita 10, kipande cha mbao, maji ya sabuni, kisu kikali, brashi ngumu na miwani ya kukinga macho.

Hatua ya 1. Ivue pedi kutoka kwenye mguu. Magurudumu yawe ardhini na ufunguo uwe mfukoni mwako, ili mtu asibonyeze swichi ya jeki vidole vyako vikiwa kati ya mpira na chuma. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki za kusawazisha peke yake. Jeki hizo zimetengenezwa kutuliza gari; hazikutengenezwa kulibeba fundi akiwa chini yake.

Hatua ya 2. Osha pedi ndani na nje. Isugue kwa brashi hadi kwenye kona.

Hatua ya 3. Iweke juu ya kipande cha mbao. Geuza pedi uone chini yake. Kama ina mbavu za kubebea uzito, tundu lipite kati ya mbavu. Usikate ubavu. Kama ina bolti, kaa mbali nazo.

Hatua ya 4. Lowesha ncha ya drili kwa maji ya sabuni na utoboe kwa mwendo wa polepole. Mpira hupenda kushika ncha na kuizungusha pedi, kwa hiyo ibane kwa kibano au msaidizi aishike kwa koleo. Usivae glavu zinazolegea karibu na drili inayozunguka.

Hatua ya 5. Angalia upana wa tundu. Mpira hunyumbuka wakati wa kutobolewa na kurudi baadaye, hivyo tundu huwa dogo kuliko ncha iliyotumika. Ncha ya milimita 10 huacha tundu la kama milimita 8 au 9. Hiyo inafaa. Tundu la milimita 3 au 4 huzibwa na tope la siku moja, na hata likiwa safi, maji yaweza kuning'inia ndani yake bila kudondoka.

Hatua ya 6. Toboa matundu mawili hadi manne kwa pedi, mkabala na alama zako za chaki. Punguza nyuzi za mpira kwa kisu ili zisikamate uchafu.

Hatua ya 7. Pedi ikiwa nje, itazame sahani ya chuma. Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi uone chuma safi, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Kama sahani imeliwa hadi kutoboka, au mshono wa welding una ufa, simamisha mtambo usitumike hadi fundi mwenye ujuzi auone.

Hatua ya 8. Rudisha pedi, kisha rudia jaribio la nusu lita. Kijiko kimoja kikibaki, bado kazi haijaisha.

SEHEMU YA 6: Mambo ya kuepuka

Usizibe mwanya kwa gundi au silikoni. Inaonekana ni busara kuzuia maji yasiingie, lakini mguu hutikisika, gundi huachia mahali fulani, na maji hupata njia ya kuingia bila njia ya kutoka. Ni heri mlango wa kutokea kuliko mlango uliofungwa vibaya.

Usimimine oili chafu ya injini ndani ya pedi ili kuua viluwiluwi au kuzuia kutu. Oili huvimbisha na kulainisha aina nyingi za mpira, huufanya mguu uteleze, na hudondoka kwenye udongo na visima vyetu.

Usifunge pedi kwa mfuko wa nailoni. Mfuko hufungia unyevu ndani.

Usitoboe sahani ya chuma bila ushauri wa mhandisi. Hiyo ndiyo inayobeba uzito.

Usirundike pedi za akiba nje zikiwa zimetazama juu. Zigeuze kifudifudi au zitundike ukutani ndani ya stoo.

SEHEMU YA 7: Ratiba ya ukaguzi

Kila unapopandisha miguu: gonga pedi kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao ili tope lidondoke. Tazama kama pedi zote zipo.

Kila wiki, siku ile ile: zibua matundu kwa kijiti, mwaga maji yoyote yaliyobaki, sugua ukuta wa ndani kwa brashi yenye sabuni. Andika kwenye daftari la gari tarehe, mguu uliokaguliwa na ulichokiona. Gari lililoegeshwa bila kazi likaguliwe pia, maana hilo ndilo mbu hulipenda zaidi.

Kila mwezi: vua pedi moja uitazame sahani na bolti. Mwezi unaofuata vua nyingine. Kwa njia hiyo miguu yote minne huonekana ndani ya miezi minne.

Kabla ya mvua: mvua ndefu kwa kawaida huanza Machi na za vuli Oktoba. Februari na Septemba fanya jaribio la nusu lita kwa miguu yote.

Baada ya kupita kwenye maji ya bahari au mchanga wa pwani: osha pedi na sahani kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na uyaache yatoke yote.

SEHEMU YA 8: Kwa mwananchi asiye na jeki

Huenda huna gari lenye miguu ya jeki. Lakini zunguka nyumba yako ukiwa na swali lile lile: maji yanalala wapi, na yatatokea wapi? Tairi linaloshikilia mabati ya paa, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, ndoo iliyopasuka nyuma ya choo, turubai la kibanda lililobonyea, kifuu cha nazi kilichotupwa, zote ni pedi za jeki kwa jina lingine. Tairi usiloweza kulitupa litoboe chini kama tulivyotoboa pedi. Chombo usichoweza kukitoboa kigeuze kifudifudi. Chombo cha maji ya kunywa kifunike na ukisugue kila wiki.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu mazalio ya mbu kuwa kero inayopaswa kuondolewa na mwenye mahali hapo. Huduma za afya, pamoja na zimamoto na kazi za umma, ni majukumu ya kaunti kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010. Kwa hiyo magari ya umma yanapaswa kuwa ya kwanza kutii. Mhamasishaji wa afya akifika uani kwako na kukuomba umwage maji ya tairi, una haki ya kutarajia kwamba gari lililomleta halina maji kwenye miguu yake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tundu lililotobolewa katikati ya pedi mara nyingi halisaidii?
2. Jeki yako hukunjwa na kulala. Tundu litakuwa wapi?
3. Dereva humwaga maji kila wiki lakini hasugui ukuta wa pedi. Ni hatari gani inayobaki?
4. Kwa nini ukaguzi ufanywe kila wiki, si kila mwezi?
5. Fundi anataka kuziba mwanya kwa silikoni. Utamwambia nini?

Majibu

1. Sahani ya chuma hulifunika, na maji hulala kwenye kona ya ukingo.
2. Kwenye ukingo, upande unaotazama ardhi mguu ukiwa umekunjwa.
3. Mayai ya Aedes yaliyoganda ukutani hustahimili ukavu na kuanguliwa maji yakirudi.
4. Yai huweza kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10.
5. Maji yatapata pa kuingia na yatakosa pa kutokea. Afungue njia ya kutokea badala yake.

Kazi ya vitendo: leo kabla hujafunga kazi, nenda kwenye gari lako na nusu lita ya maji na tochi. Mimina kwenye mguu mmoja, hesabu dakika 10, kisha andika kwenye daftari la gari ni kiasi gani kilichobaki. Kesho fanya mguu wa pili.